Kutoka Ulimini hadi Ubongoni: Philip Lieberman na Utafiti wa Ugonjwa wa Parkinson

Utangulizi

Ulimi, wahenga walisema, hauna mfupa. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya msemaji achunge maneno yake, ila ina ukweli mwingine ambao huenda wahenga hawakuukusudia. Kwa kuwa ulimi hauna mfupa, kila sauti uitoayo hutegemea misuli, na kila msuli hutegemea amri itokayo ubongoni. Amri hiyo ikichelewa au ikivurugika, sauti nayo huvurugika. Swali ambalo limewashughulisha wanaisimu na wataalamu wa ubongo kwa muda mrefu ni hili: je, panapovurugika utamkaji, sarufi na fikra husalia salama?

Makala haya yanaeleza jinsi Philip Lieberman (1934–2022), mwanaisimu wa Marekani aliyegeuka kuwa mtafiti wa ubongo, alivyolishughulikia swali hilo kwa kuwachunguza wagonjwa wa Parkinson. Kwanza, makala yanafafanua ugonjwa wenyewe. Pili, yanafuatilia safari ya Lieberman kutoka fonetiki hadi ubongo. Tatu, yanaeleza matokeo ya utafiti wake na pingamizi zilizotolewa dhidi yake. Hatimaye, yanatazama jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kutumiwa kuuendeleza utafiti wa aina hiyo.

Ugonjwa wa Parkinson ni Nini?

Mnamo mwaka wa 1817, daktari wa London aitwaye James Parkinson alichapisha insha fupi kuhusu watu sita waliokuwa wakitetemeka viungo hata wakiwa wametulia, wakitembea wameinama, na wakati mwingine wakisukumwa na miguu yao kukimbia pasipo kutaka. Baadhi yao aliwaona barabarani tu. Parkinson alishikilia kwamba ugonjwa huo hauziathiri hisia wala akili za mgonjwa. Baadaye katika karne hiyo, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliupa ugonjwa jina la Parkinson. Hata hivyo, wazo kwamba huu ni ugonjwa wa viungo peke yake liliendelea kuwa na nguvu kwa miaka mingi.

Chanzo cha dalili za viungo kilibainika katika karne ya 20. Ndani kabisa ya ubongo, chini ya gamba lake la nje, mna mafungu ya seli ambayo katika makala haya yataitwa viini vya kina. Viini hivi hupokea kemikali iitwayo dopamini kutoka kwa seli za sehemu yenye rangi nyeusi iliyoko katika shina la ubongo. Mwaka wa 1960, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walichapisha utafiti wao wa mjini Vienna ulioonyesha kwamba akili, au kwa usahihi zaidi bongo, za watu waliofariki wakiwa na Parkinson zilikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini katika viini hivyo. Ugunduzi huu ndio uliofungua njia ya matumizi ya levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini na ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu.

Mgonjwa wa Parkinson hutetemeka, hukakamaa na kupunguza kasi ya mwendo. Hali kadhalika, sauti yake hufifia, mwandiko wake huwa mdogo, na uso wake hupoteza uwezo wa kuonyesha furaha au huzuni. Mbali na hayo, fikra zake huweza kuathirika. Athari hizi ni za aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza huweza kujitokeza mapema: mgonjwa huwa mzito wa kupanga mambo, kugawa makini yake au kuhama kutoka wazo moja hadi jingine, ingawa kumbukumbu na busara zake zipo. Ya pili ni dimenshia, yaani kuzorota kwa akili kiasi cha kumzuia mtu asimudu shughuli zake za kila siku, na hii aghalabu huja baada ya miaka mingi. Katika utafiti wa muda mrefu uliofanywa Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka wa 2008, wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka 20. Miongoni mwa waliokuwa hai na kupimwa, asilimia 83 walikuwa na dimenshia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 umeonyesha hata hivyo kwamba katika miaka 10 ya kwanza hatari hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hivyo, mtu anayeambiwa leo kwamba ana Parkinson hajahukumiwa kupoteza akili kesho.

Mwanafonetiki Anayeutafuta Ubongo

Lieberman alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1934. Hakuanza na isimu wala udaktari bali alisomea uhandisi wa umeme katika taasisi ya MIT, kisha akahamia isimu papo hapo na kupata shahada ya uzamifu mwaka wa 1966. Noam Chomsky alikuwa akifundisha katika taasisi hiyo, na nadharia yake ya sarufi zalishi ilikuwa ikienea kama moto nyikani. Lieberman alichagua njia tofauti. Utafiti wake wa kwanza ulihusu kiimbo, na jambo lililomvutia ni uhusiano uliopo kati ya pumzi ya msemaji na mipaka ya sentensi. Tangu mwanzo, basi, aliiona lugha kuwa kazi ya mwili.

Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Connecticut huku akishirikiana na maabara ya Haskins, iliyosifika kwa utafiti wa sauti za lugha. Mwaka wa 1971, yeye na mtaalamu wa maumbile ya mwili Edmund Crelin walichapisha makala yaliyozua mjadala mkali. Walidai kuwa umbo la koo la Neanderthal, jamaa wa kale wa binadamu, halikumwezesha kutamka irabu zote za binadamu wa leo. Wengi wamelipinga dai hilo. Hata hivyo, lilimfikisha Lieberman kwenye swali la msingi zaidi: koo lenye umbo zuri lina faida gani iwapo hapana ubongo unaoweza kuliongoza kwa kasi na mpangilio? Baada ya kuhamia Chuo Kikuu cha Brown, kilichoko Providence katika jimbo la Rhode Island, mwaka wa 1974, swali hilo ndilo lililoiongoza kazi yake hadi alipostaafu mwaka wa 2012.

Ugonjwa wa Parkinson ulimpa njia ya kulijibu. Ikiwa viini vya kina huongoza mwendo wa viungo, na ikiwa Parkinson huvinyima viini hivyo dopamini, basi mgonjwa wa Parkinson anaweza kumwonyesha mtafiti kazi nyingine ambazo viini hivyo hufanya.

Sauti na Sentensi Katika Mizani Moja

Mwaka wa 1990, Lieberman na wenzake, akiwemo daktari wa neva Joseph Friedman, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson wasio na dimenshia walishindwa kuelewa sentensi ambazo watu wazima wenye afya huzielewa bila taabu. Mwaka wa 1992, ulifuata utafiti mpana zaidi uliowahusisha wagonjwa 40, nusu yao wakiwa na ugonjwa wa kiwango cha chini na nusu wa kiwango cha kati.

Kila mgonjwa alipimwa mambo matatu. Jambo la kwanza lilikuwa utamkaji wa vipasuo. Mtu anapotamka silabi 'ba' ya Kiingereza, nyuzi za sauti huanza kutetemeka karibu wakati uleule midomo inapoachana. Anapotamka 'pa', nyuzi hizo husubiri kwa makumi kadhaa ya milisekunde. Tofauti hii ndogo ya muda ndiyo inayomwezesha msikilizaji kutenganisha sauti ghuna na sauti sighuna. Jambo la pili lilikuwa uelewa wa sintaksia. Mgonjwa alisikia sentensi kisha akaonyesha picha iliyolingana nayo, kwa kutumia jaribio lililobuniwa Rhode Island kwa ajili ya watoto wenye matatizo ya kusikia. Jambo la tatu lilikuwa wepesi wa fikra, hasa uwezo wa kugundua kanuni na kuishikilia.

Matokeo yalikuwa ya kuvutia. Wagonjwa 9 walichanganya muda wa vipasuo, hata 'p' na 'b' zao zikaingiliana. Wagonjwa hao hao ndio waliofanya makosa mengi zaidi katika sentensi na kuchukua muda mrefu zaidi kujibu. Kadiri makosa ya muda wa vipasuo yalivyoongezeka, ndivyo makosa ya sintaksia yalivyoelekea kuongezeka. Isitoshe, hao hao ndio waliopata taabu katika majaribio ya fikra. Ulimi, sentensi na wazo vilijikwaa pamoja.

Kwa nini iwe hivyo? Maelezo ya Lieberman yalitegemea ugunduzi wa wataalamu wengine kwamba viini vya kina vimeunganishwa na gamba la mbele la ubongo kwa njia kadhaa zinazokwenda sambamba. Baadhi ya njia hizo huhudumia misuli. Nyingine huhudumia mipango na makini. Kwa mujibu wa Lieberman, kazi ya viini hivyo katika njia zote ni ya namna moja: kupanga hatua kwa mfuatano, kuanzisha hatua moja, kuizuia nyingine, na kuhama kutoka hatua hadi hatua kwa wakati ufaao. Anayetembea huinua mguu huu akiutua ule. Anayetamka 'pa' huachanisha midomo kisha akatetemesha nyuzi za sauti. Anayeelewa sentensi changamano hulishikilia neno la kwanza, akaipitia sentensi ndogo iliyo ndani, kisha akarudi kwenye kitenzi kikuu. Mambo haya matatu, aliona Lieberman, yanapangwa na kiongozi mmoja. Hoja hii aliifafanua kwa upana katika kitabu chake cha mwaka wa 2000, Human Language and Our Reptilian Brain.

Ushahidi mwingine aliutafuta nje ya wodi. Mwaka wa 1998, yeye na wenzake walieleza habari za mgonjwa mmoja ambaye viini vyake vya kina vilikuwa vimedhurika pande zote mbili za ubongo. Mgonjwa huyo naye alitatizika katika utamkaji, sintaksia na fikra kwa pamoja. Lieberman, ambaye alipenda kupanda milima, aliugeuza hata Mlima Everest kuwa maabara. Mwaka wa 1993, wapandaji watano walipimwa walipokuwa wakielekea juu ambako hewa ni haba, kwa kuwa viini vya kina ni miongoni mwa sehemu za ubongo zinazodhuriwa haraka na uhaba wa oksijeni. Kadiri walivyopanda, ndivyo tofauti ya muda kati ya vipasuo ghuna na sighuna ilivyopungua na ndivyo walivyochelewa kuelewa hata sentensi nyepesi. Watu hao walikuwa na afya njema. Walichokosa ni oksijeni.

Pingamizi

Mtafiti hodari hupimwa pia kwa ubora wa wapinzani wake. Murray Grossman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye pia aliwachunguza wagonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka wa 2023, hakukana kwamba wagonjwa hao hushindwa na sentensi ngumu. Alichokitilia shaka ni sababu. Kwa maoni yake, kanuni za sarufi za mgonjwa ni salama, bali kasi ya kuchakata habari, makini na kumbukumbu ya muda mfupi ndizo zinazopungua. Sentensi ndefu humshinda mgonjwa kama vile mzigo mzito unavyomshinda mtu aliyechoka, ilhali njia anaijua. Utafiti wa Grossman na wenzake wa mwaka wa 2001 ulionyesha kwamba uelewa wa sentensi ngumu hutegemea pia iwapo mgonjwa amekunywa dawa ya kumrejeshea dopamini.

Kwa upande mwingine, Michael Ullman na wenzake walidai mwaka wa 1997 kwamba wagonjwa wa Parkinson hutatizika hasa na vitenzi vya Kiingereza vinavyofuata kanuni ya wakati uliopita, kuliko vitenzi ambavyo sharti vikaririwe. Dai hilo lingemaanisha kuwa viini vya kina ndivyo makao ya kanuni za sarufi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2005 haukuliunga mkono. Aidha, wafuasi wa Chomsky hawakuridhika na fundisho la Lieberman kwamba sarufi haina kiungo chake maalumu ubongoni, bali imejengwa juu ya mitambo ya kale ya mwendo.

Mjadala huu haujafungwa. Hata hivyo, pande zote zinakubaliana juu ya jambo moja lenye uzito: ugonjwa wa Parkinson hauishii mikononi. Mgonjwa anayejibu polepole, au anayejibu visivyo baada ya kuulizwa swali refu, huenda hana kiburi wala upumbavu. Huenda anajua jibu lakini amepotelea katikati ya sentensi ya muulizaji.

Kiswahili na Vipimo vya Akili

Mambo haya yanawahusuje wasemaji wa Kiswahili? Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walipita miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 wakiwatafuta wagonjwa wa Parkinson. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao pasipo jina wala dawa. Baadaye, katika wilaya hiyo hiyo, kilitengenezwa kipimo kifupi cha akili kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka wa 2014, kwa ajili ya wazee ambao wengi wao hawakusoma shuleni. Badala ya kumtaka mzee aandike au apige hesabu, kipimo hicho humtaka, miongoni mwa mambo mengine, aeleze daraja ni nini, ataje wanyama, na apange vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Watunzi wake walitambua kwamba kipimo kibaya kinaweza kumwita mgonjwa mtu ambaye kosa lake ni kutoijua kalamu.

Tahadhari iyo hiyo inahitajika katika kupima lugha. Majaribio ya Lieberman yalitegemea muundo wa Kiingereza na hayawezi kutafsiriwa neno kwa neno. Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa.

Kwanza ni fonetiki. Katika Kimvita, muda wa kuanza kwa mtetemo wa nyuzi za sauti hutofautisha maana kwa njia ambayo Kiingereza hakiijui: paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Wasemaji wengine wa Kiswahili hawana tofauti hiyo. Aidha, wasemaji wengi hutamka 'b' na 'd' kwa kuvuta hewa ndani kidogo. Mpimaji asiyeijua lahaja ya mgonjwa anaweza kuuona ugonjwa mahali penye lahaja tu.

Pili ni kauli ya kutendwa. Tofauti kati ya 'Simba alimfukuza chui' na 'Simba alifukuzwa na chui' imebebwa na kiambishi awali cha mtendwa, sauti nyembamba ya -w- na neno 'na'. Msikilizaji mzito wa makini anaweza kuzikosa alama hizo na kudhani simba ndiye aliyefukuza. Kwa upande mwingine, sentensi 'Embe lililiwa na mtoto' haipimi sarufi, kwani hata asiyeisikia -w- anajua embe halili mtoto. Jaribio la haki sharti litumie sentensi ambazo maana ya kawaida ya mambo haiwezi kuziokoa.

Tatu, na pengine muhimu zaidi, ni virejeshi na upatanisho wa kisarufi. Sentensi 'Mtoto aliyemsukuma mzee ameanguka' ina utata hata kwa msemaji mwenye afya: mtoto anaweza kuwa ndiye aliyesukuma au ndiye aliyesukumwa, kwa sababu nomino zote mbili ni za ngeli ya A-WA. Sentensi 'Kiti alichokisukuma mtoto kimeanguka' haina utata huo. Viambishi -cho-, -ki- na ki- vinamrejesha msikilizaji kwenye kiti kila hatua, mithili ya vigingi vinavyoonyesha njia. Hapa Kiswahili kinatoa nafasi ya kuzipima pamoja hoja za Lieberman na za Grossman. Iwapo kinachomponza mgonjwa ni kumbukumbu ya muda mfupi, basi vigingi vya upatanisho vinapaswa kumsaidia, na sentensi yenye nomino za ngeli tofauti itakuwa nyepesi kwake. Iwapo kinachomponza ni kule kupanga na kuhama kutoka hatua hadi hatua, basi wingi wa viambishi huenda ukamwongezea mzigo.

Kazi ya kutunga jaribio kama hilo haiwezi kuachiwa daktari peke yake. Daktari anajua ni seli zipi zilizokufa. Mwanaisimu ndiye ajuaye ni kwa nini 'aliyemsukuma' ni kugumu kuliko 'alichokisukuma'. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechambua virejeshi darasani anashughulikia kifaa ambacho siku moja kinaweza kumfaa mgonjwa kitandani.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ugonjwa wa Parkinson, uliodhaniwa kuwa wa viungo tu, unaweza kugusa utamkaji, sintaksia na fikra, na kwamba Philip Lieberman alikuwa miongoni mwa waliolionyesha jambo hilo kwa kuvipima vyote vitatu kwa mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Si kila dai lake lililosimama, na sababu ya makosa ya wagonjwa bado inajadiliwa. Lililosimama ni mbinu yake: kuisikiliza sauti ya mgonjwa kwa sikio la mwanafonetiki, na kuipima sentensi kwa jicho la mwanasintaksia, kabla ya kutoa hukumu juu ya akili. Kwa mzee wa Hai, wa Lamu au wa Kakamega anayetetemeka na kujibu taratibu, tofauti kati ya kuitwa mgonjwa na kuitwa mpumbavu inaweza kutegemea jinsi swali alilouliziwa lilivyoundwa. Asiyemjua hukumbuka mtetemeko; amjuaye humfupishia sentensi na kumngoja amalize lake.